Mzee wa Baraza Aliyemnyima Baba Urais

Mzee wa Baraza hakukalia kiti bila kwanza kukipindua. Alikishika mgongo, akakigeuza miguu juu, akakitazama kwa chini, akakirudisha, ndipo akaketi. Alifanya hivyo nyumbani kwa watu, kanisani, na hata mahakamani, ambako viti vilikuwa vitatu tu na vya siku zote. Nilimwona kwa miaka mingi, maana cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza la duka lililotazamana na mlango wa mahakama ya mwanzo, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Watu walimcheka. Mimi sikumcheka. Nilijiambia kwamba mtu anayekagua kiti namna ile, ama amewahi kutegewa kitu, ama amewahi kutega.

Nianze kwa kukiri: mimi ni mtu wa kushuku. Ushonaji umenifundisha. Mteja akikuambia kitambaa hiki ni mita tatu, pima. Akikuambia hajanenepa, pima. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo za watu nimezishika zote, najua wanachoficha. Kwa hiyo nikimsema Mzee wa Baraza vibaya hapa na pale, msomaji ajue anasikiliza mtu wa aina gani.

Kwa asiyejua, mahakama ya mwanzo haikuwa ya hakimu peke yake. Hakimu alikaa na wazee wawili wa baraza, raia wa kawaida wanaojua mila na watu, na kila mmoja alikuwa na sauti yake. Wazee wawili wakikubaliana, hakimu na vitabu vyake alishindwa. Ndiyo maana wenye kesi hawakuhangaika sana na hakimu, ambaye alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali na hakujua hata kuitikia salamu ya Kisukuma. Walihangaika na wazee. Na kati ya wazee, huyu ndiye aliyewanyima usingizi.

Hakuwa akila wala kunywa kwa mtu. Alitembea na maji yake kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa kamba, na alipokaribishwa ugali alisema ameshiba, hata kama tumbo lilikuwa linanguruma tunalisikia wote. "Leo huna kesi," alimwambia mama mmoja aliyemkasirikia kwa kukataa uji, "lakini una ng'ombe, una shamba la pamba, una wakwe. Kesi yako iko njiani, mayu." Mwanamke mmoja kutoka Nassa, kando ya ziwa, muuza samaki, alishinda kesi yake ya madai akarudi wiki iliyofuata na kapu la samaki wakavu, shukrani tu. Mzee alimsindikiza na kapu lake mpaka stendi, mchana kweupe, akimwomba kwa sauti kubwa alirudishe ziwani. Yule mama alifunika uso kwa khanga kwa aibu. Sisi tulibaki na harufu ya samaki na hamu.

Lakini ugoro alipokea. Ugoro alipokea kwa mtu yeyote, mshtaki na mshtakiwa, hata kwa wezi wa ng'ombe walioletwa wamefungwa kamba. Nilimuuliza siku moja, mbona huo si zawadi?

"Ugoro hautoki puani ukaenda tumboni," akasema. "Rushwa inakaa tumboni."

Nilicheka, ila nililiweka lile jibu akilini. Mtu anayejua rushwa inakaa wapi ameijulia wapi?

Kuna siku alikuja na koti lake, lile moja la kaki alilovaa kila siku ya mahakama, akaniambia nimshonee mifuko.

"Imetoboka?" nikauliza.

"Mizima. Ishone mdomo. Yote minne."

Nikaishona. Tangu siku hiyo chupa ya ugoro aliifunga kwenye pindo la shati, na leso aliishika mkononi. Watu wakamsifia, wakasema ndiyo huyo, mzee asiye na mfuko. Mimi niliyeishona nilifikiri tofauti. Nilifikiri: kwa nini ahofie mfuko wake kama hajawahi kukuta kitu ndani yake?

Karatasi hakuziamini, na hakuna mtu aliyezipenda kama yeye. Hakusoma vizuri, alijua jina lake na tarakimu. Barua ikija, aliileta kwangu nimsomee. Nikimaliza alishukuru, "wabeja sana," akavuka barabara kwenda kwa karani amsomee ileile, kisha kwa katekista. Tukilingana watatu, aliiamini. Tusipolingana hata kwa neno, alianza upya. Karatasi zote hizo alizihifadhi kwenye sanduku la bati, pamoja na risiti za mbolea na maganda ya dawa za ng'ombe. Nilimuuliza maganda ya dawa ni ya nini. Akasema uongo mwingi wa dunia umeandikwa kwenye maganda.

Alikuwa na misemo yake. Alipenda kusema, "Shahidi anayekumbuka kila kitu hakuwepo." Akisikia mtu anaapa kwa Mungu mahakamani, alimnong'oneza hakimu, "Huyu ameishiwa." Na kuhusu ndugu kwa ndugu: "Msiwapatanishe haraka. Wakipatana haraka wamekubaliana kumla wa tatu." Kijana hakimu alikuwa akiandika baadhi ya maneno hayo pembeni ya daftari lake, nadhani kwa kuyapenda.

Na bado, huyohuyo mwenye moyo wa jiwe, alifanya jambo ambalo sijalielewa mpaka leo. Ng'ombe wa shemeji yake waliingia kwenye pamba ya mjane mmoja wakaimaliza. Alipaswa kujitoa kwenye kesi, hakujitoa, na kila mtu akasema tayari, mjane kaliwa. Akamhukumu shemeji yake alipe fidia yote. Siku iliyofuata, alfajiri, akachukua jembe akaenda kulima shamba la shemeji yake peke yake kutwa nzima, bila kuitwa na bila kula. Shemeji alikaa mlangoni akimtazama. Jioni akaosha jembe akaenda zake. Mke wa Mzee alinihadithia hilo akilia.

Sasa nifike kwenye kesi yetu.

Miaka ile vyama vingi vilipoingia, neno "rais" likawa tamu mdomoni mwa watu. Chama chetu cha kulima na kucheza ngoma, kile ambacho wanachama hulimiana mashamba kwa zamu huku ngoma ikitangulia mbele, siku zote kilikuwa na mwenyekiti. Wakakaa, wakaandika katiba kwenye daftari la jalada gumu, wakamchagua Rais na Makamu wa Rais. Makamu alikuwa baba yangu. Alinunua kofia.

Kwa kawaida hayo yangebaki mambo ya kuchekesha. Lakini chama kilikuwa na ghala, walilolijenga kwa matofali yao wenyewe, na huo ndio wakati biashara ya pamba ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao, na kila mnunuzi alitaka ghala karibu na barabara. Mwenye funguo za ghala ndiye aliyeamua pamba ya vijiji vitatu imwendee nani. Ghafla kiti cha Rais wa ngoma kikawa kiti kweli.

Rais akafa. Aliumwa siku nne wakati wa kuvuna mpunga, akafa. Katiba ilisema wazi: "Rais akifa, Makamu atashika nafasi yake mara moja." Baba alilijua neno "mara moja" kwa moyo. Kwetu, mtu akizikwa, watu hulala matangani mpaka siku ya kunyoa nywele, na mpaka siku hiyo mji, yaani boma na vyote vilivyomo, bado ni wa marehemu, hakuna anayegusa chake. Baba hakungoja. Alishuku kwamba manju, yule kijana mtunzi na kiongozi wa nyimbo, angezichukua funguo akisaidiwa na wenzake wa ng'ambo ya mto. Mchana uleule wa mazishi, udongo wa kaburi haujakauka, alimwinamia mjane wa Rais pale mkekani akamwomba funguo. Mjane akazifungua kiunoni akampa bila kumtazama. Baba akasimama akavaa kofia akatangaza kwamba yeye ndiye Rais.

Niliona aibu. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu, nikainamisha kichwa. Lakini baba ni baba.

Matanga yalipoisha, wanachama wengi wakakutana wakamchagua manju. Tukawa na Marais wawili. Zikawepo ngoma mbili, zamu mbili za kulima, na malori yakasimama barabarani madereva hawajui waongee na nani. Baba akaenda mahakamani kudai kiti chake, na katiba ameikumbatia kifuani.

Kila mtu alipiga hesabu ya sauti tatu. Hakimu angefuata katiba, hiyo ilijulikana. Wasomi hufuata maandishi. Yule mzee mwingine wa baraza alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto na hakuficha kwamba alikuwa upande wa manju. Ikabaki sauti moja, ya Mzee wa Baraza.

Wiki moja kabla ya hukumu nilivuka mto kupeleka sare za kwaya. Nikapita nje ya mji wa manju, na nikamwona nani ndani ya ua? Mzee wa Baraza, amekaa kwenye kigoda, bakuli la michembe mapajani, la viazi vikavu vile vilivyopikwa na karanga. Mtu asiyeonja hata maji ya mtu! Nilirudi mbio. Sare sikuzifikisha. Nilimkuta baba anachonga mpini.

"Baba, tumekwisha. Nimemwona Mzee wa Baraza anakula kwa manju."

Baba aliweka shoka chini. "Umemwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya."

Aliinuka, akauacha mpini palepale, akaenda zizini.

Siku ya hukumu watu walijaa mpaka kwenye baraza langu, wengine walikalia meza ya kukatia vitambaa. Hakimu alisema maoni yake: kwa katiba, Rais halali ni Makamu. Yule mzee wa ng'ambo akasema manju. Mzee wa Baraza akasimama, na kwa mara ya kwanza nilimwona akizungumza bila kumtazama mtu yeyote.

"Mheshimiwa, katiba inasema Rais akifa. Sisi hapa tunajua mtu anakufa lini. Akiwa analaliwa matanga, mji bado ni wake, mkuki wake, mke wake, kiti chake. Huyu bwana alichukua kiti kikiwa bado na mwenyewe. Aliyekichukua hivyo hawezi kukirithi. Mimi ninasema manju."

Ikawa wawili kwa mmoja. Baba akavaa kofia ndani ya mahakama, akasema taratibu, "Mmekula." Mimi nilikuwa mlangoni na sikusema taratibu. Nilipiga kelele: "Umekula wewe! Nilikuona!" Mzee wa Baraza alinitazama kidogo tu, kama anayesoma tarakimu, akachukua chupa yake ya maji akaenda.

Tangu hapo sikumshonea tena. Mwezi uliofuata alileta koti limechanika bega.

"Mwangaluka mayu."

"Sindano imevunjika," nikajibu, hata salamu sikuitikia.

"Ikipatikana nitarudi."

Akarudi mwezi wa pili, na wa tatu, na koti lilelile, na kila mara sindano yangu ilikuwa imevunjika huku cherehani inakwenda. Hakukasirika hata siku moja. Hilo nalo nililiandika kwenye makosa yake: mtu asiye na hatia angekasirika.

Manju alimpa ghala mnunuzi mmoja aliyekuja msimu mmoja, akachukua pamba kwa mizani iliyolalamikiwa na kila mtu, na msimu uliofuata hakuonekana. Ghala likabaki la mbuzi. Sisi nyumbani tulilifurahia hilo kuliko inavyofaa. Baba tulimwita Rais mpaka alipokufa, hata wajukuu walimwamkia hivyo, na kaka yangu alipozungumza makaburini alisema tunamzika Rais halali aliyeporwa. Watu wa upande wetu wakaitikia. Nami niliitikia kwa sauti.

Miaka ikapita. Simiyu ikawa mkoa na Bariadi makao makuu yake, mahakama ikahamia jengo jipya, nami nikahamia fremu ya duka yenye umeme. Vijana wakakifufua chama, wakalipaka ghala rangi, wakasema wataandika ukutani majina ya Marais wote tangu wa kwanza. Kaka yangu akadai jina la baba liwe la pili, kabla ya manju. Vijana hawakuwa wabaya. Walisema, leteni ushahidi kwamba hukumu ile ilinunuliwa, tutamwandika. Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, Mzee wa Baraza mwenyewe, na tulisikia bado yu hai, anakaa kwa binti yake Malampaka, karibu na stesheni ya reli. Kaka akanipa karatasi na peni. "Wewe ndiye uliyemwona," akasema. "Nenda akakiri, aweke dole gumba."

Nilimkuta mchana, kwenye kivuli cha nyumba, anapukuchua mahindi. Amekuwa mdogo. Koti halikuwepo. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Mwadila mayu."

"Mwadila baba." Itikio la salamu lilinitoka lenyewe.

"Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, salama tu.

Binti yake akaniletea kigoda, akatuacha. Nilikuwa nimejipanga kwenda polepole, lakini hasira ya miaka haijui polepole. Nikamwambia kilichonileta, nikamwekea karatasi juu ya mahindi. "Ulikula kwa manju. Sema tu, tuandike jina la baba yangu."

Aliitazama karatasi bila kuigusa. "Mama yake manju alikuwa hoi kitandani. Tulikua pamoja, mimi na yeye. Nilikwenda kumwona, akaagiza niletewe chakula. Mtu anayekufa ukimkatalia bakuli unamuua mapema. Nikalishika. Wajukuu wakala." Akaniinulia macho. "Uliniona natafuna?"

Nilichokiona ni bakuli, na mapaja, na mgongo wa mtu. Kutafuna sikuona. Kutafuna nilikuongeza mwenyewe njiani, nikikimbia.

"Baba yako aliniambia umeniona," akaendelea.

"Lini?"

"Siku ya mnada, kabla ya hukumu. Alikuja kwangu na mtamba mwekundu mwenye doa usoni. Akasema, najua umekula kwa mwenzangu, binti yangu kakuona kwa macho yake, basi na mimi nisiwe mjinga, pokea huyu. Nikamwambia mrudishe mnyama wako. Alilia, mayu. Baba yako alilia pale."

Nilimkumbuka yule mtamba. Baba alimpeleka mnadani asubuhi, akarudi naye jioni, akasema bei mbaya.

"Kwa nini hukusema mahakamani?"

"Hakimu angemfunga. Mtu mzima, na wajukuu. Nikanyamaza."

"Kwa hiyo ulihukumu kwa mila, au kwa mtamba?"

Alipukuchua gunzi zima kabla ya kujibu. "Mila ilinipa maneno ya kusema. Lakini kosa la funguo ningemsamehe. Ana haraka, wengi wana haraka, na katiba ilikuwa yake. Nilikuwa nimeshaamua kwenda na hakimu. Asingekuja na yule mtamba, baba yako alikuwa Rais."

Sikumbuki niliagaje. Ninakumbuka nimekaa kwenye gari la kurudi, nimeishika ile karatasi tupu, najaribu kumshuku. Ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nilijiambia ni mzee, amesahau, ni mjanja, baba hayupo wa kumjibu, ametunga. Mpaka tunaingia Bariadi sikufanikiwa. Nilimwamini neno kwa neno, na kilichoniuma zaidi si habari ya baba. Baba alikuwa na kiti chake tayari, nami nikamletea maneno.

Kaka alikuwa ananisubiri stendi.

"Amekiri?"

"Hakula."

"Mwongo! Na wewe umemwachia?"

Sikumwambia habari ya mtamba. Kwake baba bado ni mtu aliyeporwa, na mwanaume wa umri wake haifai kumvua vazi hilo barabarani. Nilikwenda moja kwa moja ghalani, ambako fundi wa kuandika alikuwa juu ya ngazi amemaliza jina la kwanza, vijana wa chama wamesimama chini. Wakaniuliza, wa pili ni nani. Nikawaambia waandike manju.

Kaka yangu hanisalimii tangu siku hiyo. Anawaambia watu kwamba nilikula.